Kanuni za Kitabu Kidogo

Juu ya kabati la nyumba yangu hapa Lubumbashi pana maboksi mawili yaliyofungwa kwa kamba. Ndani yake mna vitabu vya watoto, vyenye picha. Ni vipya kabisa, wala hakuna mtoto aliyevipaka mafuta ya vitumbua. Wageni wakiviona huniuliza: «Mwalimu, mbona huvigawi?» Nami hujibu kwa maneno machache, maana naona haya. Leo nataka kueleza habari yake yote. Huenda wako miongoni mwenu walimu na wazazi wanaofikiri kufanya kazi hiyo hiyo, na ni afadhali wajifunze kwa hasara yangu kuliko kwa hasara yao wenyewe.

Mimi nalifundisha darasa la kwanza na la pili kwa muda wa miaka mingi. Nilipopumzishwa kazi, tulikutana watu watano wa mtaa wetu, wazazi na walimu, tukasikitika kwa ajili ya watoto. Mtoto huanza kusoma kwa ubao tu. Mwalimu anaandika, darasa zima linaimba yaliyoandikwa, na wengi wanaimba kwa kukariri, macho yao yakitazama dirishani. Aliyekaa nyuma anaweza kumaliza mwaka bila kushika kitabu hata mara moja. Basi tukasema: tutengeneze kitabu cha picha, cha Kiswahili, kisha kingine, na kingine tena, hata viwe ukoo mzima wa vitabu. Fedha hatukuwa nazo. Mama mmoja muuza nyanya, ambaye zamu yake ya likelemba ilikuwa imefika, alitukopesha yote aliyopokea. Alisema tu: «Mtanirudishia vitabu vikiuzwa.»

Kanuni hatukuwa nayo hata moja. Tulikuwa na nia njema, na kila mmoja alidhani nia njema yatosha.

Mimi nikaandika hadithi ya msichana na mbuzi wake aliyepotea. Vijana wawili wakachora picha, mmoja mwanzo wa kitabu, mwingine mwisho, ili kazi iende upesi. Tukapeleka karatasi kwenye kiwanda cha kuchapa. Vitabu viliporudi, nalifungua cha kwanza mbele ya mjukuu wangu. Katika ukurasa wa pili msichana alikuwa na nywele zilizosukwa na nguo nyekundu. Katika ukurasa wa kumi na sita alikuwa amenyolewa, na nguo yake ya kijani. Mjukuu wangu akaniuliza: «Kambo, huyu ni mtoto mwingine?» Nikamwambia ni yule yule. Akatazama tena, akanitazama mimi, akanyamaza.

Hayo hayakuwa mabaya kuliko yote. Mbuzi alikuwa amechorwa mkubwa, apate kulala juu ya kurasa mbili zinazotazamana. Lakini hatukuwa tumehesabu. Ukurasa wa kwanza wa kitabu hukaa upande wa kulia; kwa hiyo kurasa za tatu na nne hazitazamani, bali ni mbele na nyuma ya karatasi moja. Kichwa cha mbuzi kikawa upande huu, na mkia wake ukawa nyuma, hata mtoto alipaswa kugeuza karatasi apate kumwona mnyama mzima. Maneno tuliyokuwa tumeyasukuma mpaka ukingoni yalikatwa na kisu cha mashini. Hadithi yetu ilikuwa na kurasa 29. Lakini kitabu kinachokunjwa na kushonwa katikati hujengwa kwa kurasa nne nne, basi fundi alifikisha 32, akaacha tatu tupu, nasi tukalipa karatasi tupu kama iliyoandikwa. Fundi sikumlaumu. Alichapa alichopewa.

Vitabu vichache vilinunuliwa na rafiki zetu kwa huruma. Vilivyobaki ndivyo vilivyo juu ya kabati.

Nilikwenda kwa yule mama sokoni kumweleza. Nilikuwa nimetayarisha maneno mengi. Alinisikiliza huku akipanga nyanya zake mafungu mafungu, nne chini na moja juu. Kisha akaniuliza: «Mwalimu, ungenunua fungu langu kama moja lina nyanya tano na la pili lina tatu, kwa bei ile ile?» Nikasema hapana. «Na mimi sipangi nikiona mteja amekuja,» akasema. «Napanga asubuhi. Nyinyi mara hii andikeni kwanza sheria zenu, ndipo mchore.» Sikutegemea kusikia neno «mara hii». Nalifikiri atadai fedha zake.

Basi tukaanza upya, tukakutana jioni sita kwangu, tukiwa na daftari moja. Binti wa jirani, anayesoma chuo kikuu, alitutafutia katika intaneti namna watu wengine walivyofanya, kwa maana tulikubaliana kwamba si sisi wa kwanza duniani kutaka vitabu vinavyofanana kama ndugu wa tumbo moja.

Tulianza na karatasi, siyo na hadithi. Jambo hilo liliniudhi, kwa sababu naliona kwamba hadithi ndiyo roho ya kitabu. Lakini tazameni yaliyotokea Uingereza wakati wa Vita ya Pili. Karatasi ilikuwa adimu. Wachapaji wa vitabu vya Ladybird, katika mji wa Loughborough, waligundua mwaka 1940 kwamba karatasi moja kubwa, yenye sentimita 102 kwa 76 hivi, ikichapwa pande zote mbili na kukunjwa na kukatwa vizuri, inatoa kitabu kizima chenye kurasa 56, bila kutupa kitu. Wakashikamana na kipimo hicho. Vita ikaisha, karatasi ikapatikana tena, lakini wao hawakukiacha. Kwa kuwa kila kitabu kilikuwa karatasi moja, waliweza kukiuza kwa shilingi mbili na nusu kwa muda wa zaidi ya miaka 20, hata mwaka 1971. Shida ndiyo iliyowapa umbo, na umbo likawapa bei.

Sisi tukamwuliza fundi wa kiwanda: karatasi uliyo nayo daima ni ipi? Akatuonyesha ya sentimita 64 kwa 45. Tukaikunja mezani mara tatu: inatoa kurasa 16 za ukubwa wa daftari ya shule, yaani nusu ya karatasi ya kawaida ya kuandikia barua. Basi kurasa 16. Si 15, si 17. Ikiwa hadithi inataka 20, hadithi ndiyo itakayopungua. Jalada ni karatasi yake yenyewe, nene zaidi; na vyote vishikwe katikati kwa pini mbili za chuma, kwa sababu gundi katika kitabu chembamba huachia upesi mtoto akikifungua sana. Herufi isikaribie ukingo kwa sentimita moja na nusu. Picha inayotaka kufika ukingoni ipite milimita tatu nje yake, ili kisu kikiyumba kidogo kisiache mstari mweupe. Kanuni hizi za fundi tulizimaliza jioni moja, na nakiri zilinipendeza kuliko nilivyotazamia. Kulikuwa na raha fulani kujua kwamba kuta za nyumba zimesimama.

Mama mmoja kati yetu aliuliza kwa nini tusifanye kitabu kikubwa, chenye fahari. Tukamkumbusha habari ya Beatrix Potter, mwandishi wa hadithi ya sungura Peter. Yeye alitaka kitabu kidogo cha bei ndogo, kinachoshikika katika mikono midogo. Wachapaji wakamkatalia, ndipo mwezi wa Desemba 1901 akachapisha nakala 250 kwa fedha zake mwenyewe. Mwaka uliofuata kampuni ya Frederick Warne ikakichapa kwa rangi, nacho kingali kidogo hata leo.

Jioni ya pili na ya tatu zilikuwa za maneno, na hapo tuligombana.

Wote tulikuwa tumesikia habari ya Mmarekani Theodor Geisel, aliyejiita Dr. Seuss. Mwaka 1957 alitoa kitabu chake cha paka mwenye kofia kwa kutumia maneno 236 tu, yaliyochaguliwa kwa watoto wanaoanza kusoma. Mwaka 1960 akatoa kingine chenye maneno 50 tu. Mwalimu mmoja kati yetu akasema: na sisi tuweke kanuni ya maneno 50! Nikafurahi, nikakaa kuandika. Baada ya nusu saa nikaona kwamba kanuni ya Mmarekani haitufai. Neno la Kiingereza hukaa lilivyo, likisukumwa tu na wenzake. Neno letu hujivika mbele na nyuma. Anakula, walikula, hatukula, nitakapokula: je, hayo ni maneno manne au ni moja? Kusema «hatutavila» Mwingereza atahitaji maneno matano, na mtoto wetu analibeba lote kwa mara moja, kama mzigo wa kichwani.

Tukaona kwamba mtoto wetu hachoki kwa wingi wa maneno, bali kwa urefu wake. Tukaacha kuhesabu maneno, tukahesabu silabi. Katika kitabu cha kwanza, hakuna neno lenye silabi zaidi ya tatu: baba, mama, kuku, paka, bata, kalamu, ndizi. Katika cha pili, nne. Katika cha tatu na cha nne, tano, na zaidi ya hapo hatuendi. Na mstari usipite maneno matano, ili mtoto asipotee anaporudi mwanzo wa mstari wa pili.

Kisha nikaleta shauri langu la darasani. Kwa miaka yangu yote nimeona mtoto akikwama kwenye neno «mtoto» lenyewe. Nyumbani anasema mutoto. Kitabu kinamwambia mtoto. Anaiona ile m imesimama peke yake bila irabu, naye haijui aifanyeje. Wengine wakasema: basi tuandike mutoto, ndivyo watu wa hapa wanavyosema. Wengine wakasema: hapana, tutawafundisha vibaya, na watakapofungua vitabu vingine watashangaa. Ubishi uliendelea mpaka chai ikapoa. Mwishoni tulipata njia ya tatu, ambayo naiona nzuri hata leo: katika kitabu cha kwanza tukwepe kila neno linaloanza na m ya namna hiyo. Lisiwepo kabisa. Mtoto apate kwanza kitabu kimoja anachoweza kukimaliza kwa nguvu zake mwenyewe. Katika cha pili neno «mtoto» litokee, lakini liwe chini ya picha ya mtoto, na lirudi mara nne.

Na bukari? Vitabu vingi vinaandika ugali. Huko Bukavu watu wanasema bugali. Mtoto wa Lubumbashi hula bukari. Tukaamua hivi: sarufi na maandishi yawe ya Kiswahili sanifu, kama tunavyofundishwa shuleni, lakini vitu vya nyumbani, vya jikoni na vya uani viitwe kwa jina ambalo mama wa mtoto huyo anayaita. Bukari ibaki bukari, sombe ibaki sombe, nyanya wa mtoto awe kambo. Aliye mbali asipoelewa, picha iko kando ya neno.

Tukafika kwenye jina la msichana. Jambo hili ni fupi, lakini kabla ya kulisema tulinyamaza kwanza. Mimi nalikuwa nimemwita kwa jina la upande wetu. Mwenzangu mmoja akasema polepole kwamba mtoto wa jirani yake, mwenye asili nyingine, atakifungua kitabu na kujua toka ukurasa wa kwanza kwamba si chake. Sisi tulioishi hapa mwaka 1992 na 1993, watu wa Kasai walipofukuzwa katika nyumba zao na kulala kituoni wakingoja treni, twajua jina la mtu linaweza kuzaa nini. Tukaandika: majina ya watu katika vitabu hivi yasiwe ya kabila moja. Msichana tukamwita Zawadi. Hakuna aliyebisha.

Sasa nije kwenye picha, ambazo watoto wetu huziita sanamu, maana picha ndizo kitabu chenyewe kwa yule asiyejua kusoma bado. Tulichukua mchoraji mmoja tu, kijana hodari anayepaka mabango ya maduka. Tulimwonyesha daftari: Zawadi atakuwa na nguo ya njano katika vitabu vyote vinne, kamwe hatabadilisha, nywele zake zitasukwa mafundo matano, urefu wake utafika kiunoni mwa kambo, mbuzi ana doa jeusi sikio la kushoto. Kabla ya kuanza, amchore Zawadi katika karatasi moja, akisimama, akikaa, akikimbia, akilia, akitazama kando na akitazama mbele, na karatasi hiyo abandike ukutani mbele yake siku zote za kazi.

Kijana akakunja uso. «Mzee Mwalimu,» akasema, «mnanifunga mikono. Wachoraji wakubwa wa mji huu hawakuwa na sheria.»

Nilimpenda kwa neno hilo, kwa kuwa alikuwa anawakumbuka. Nikamwuliza anawajua wangapi. Mwaka 1946, mji huu ulipoitwa Élisabethville, Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua hapa karakana ya kuchora iliyoitwa Le Hangar. Hakuwalazimisha wachoraji waige picha za Ulaya. Lakini kila mmoja alijiwekea njia yake. Bela Sara alichora kwa ncha za vidole. Mwenze Kibwanga alijaza picha zake kwa mistari mifupi mifupi iliyolala kwa mpango. Pilipili Mulongoy alipenda ndege, samaki na wanyama, na majani yaliyochorwa jani kwa jani. Mtu akiiona picha ya Mwenze, hata bila jina lake, humtambua kwa ile mistari. «Ile mistari,» nikamwambia, «ilikuwa sheria yake, nayo haikumfunga.»

Halafu tukamwonyesha kazi ya Dick Bruna, mtu wa Utrecht, Uholanzi, aliyezaliwa 1927 na kufariki 2017. Alianza habari za sungura wake mdogo mwaka 1955, na mwaka 1963 akavipa vitabu vyake umbo la mraba, karibu sentimita 16 kila upande. Kila hadithi ina picha 12, na mbele ya kila picha mna mistari minne. Rangi zake zilikuwa chache mno: nyekundu, njano, buluu, kijani, nyeusi na nyeupe. Na sungura yule humtazama mtoto uso kwa uso, hata anapotembea kwenda kando. Kwa sheria hizo alitengeneza vitabu zaidi ya mia, na nakala zake zimepita milioni 80. Kijana akatazama kwa muda mrefu. Akasema: «Amefuta vyote visivyohitajiwa.» Kisha akaomba daftari tena.

Yeye ndiye aliyetuongezea kanuni ambayo sisi tusingeiwaza. Bruna alianza bila rangi ya kahawia. Kahawia na kijivu aliziongeza baadaye, alipotaka kuchora mbwa na wanyama wengine. Sisi tungeanzaje bila kahawia, wakati watu wote wa vitabu vyetu ni wa rangi hiyo? Lakini mashini haina wino wa kahawia. Inachapa kwa wino nne, buluu, nyekundu ya waridi, njano na nyeusi, na kahawia huzaliwa zinapolaliana. Karatasi ya bei ndogo hunywa wino. Basi uso uliochorwa kahawia nzito hutoka mweusi kabisa, na macho na mdomo vikapotea. Kijana alikuwa ameona hivyo katika kitabu chetu cha kwanza. Akasema: nyuso zichorwe nyepesi kuliko zinavyotakiwa kuonekana, ziwe na mstari mweusi kuzizunguka; maneno yasiandikwe kamwe juu ya picha; na karatasi moja ichapwe kwanza ya kujaribu, tuitazame nje kwenye jua, siyo chini ya taa. Alichagua pia herufi zenye a ya duara, kama ile tunayoiandika ubaoni, maana a ya magazeti, yenye mkia juu, mtoto huiona kuwa herufi nyingine.

Ilibaki kanuni moja, nayo ndiyo iliyoniuma mimi mwenyewe.

Wengi kati yenu mliosoma kwa Kifaransa mlipata kuona vitabu vya Père Castor. Aliyevianzisha, Paul Faucher, alivitoa kwa Flammarion huko Paris toka mwaka 1931: vitabu vyembamba, vyenye jalada laini na bei ndogo. Faucher alitaka kujua kwa watoto wenyewe kama kitabu kinafaa, na baada ya vita alikuwa na shule ndogo, ambamo hadithi na picha zilijaribiwa mbele yao kabla ya kuchapwa. Tukasema, sisi shule hatuna, lakini uwanja tunao. Tukaandika: hakuna kitabu kitakachopelekwa kiwandani kabla ya kusomwa kwa watoto wanane, kikiwa cha mkono, kilichoshonwa kwa uzi. Mmoja wetu asome; mwingine akae kando, asitazame kitabu, bali atazame macho ya watoto. Ukurasa ambao watoto watatu wameacha kuutazama, utolewe au uandikwe upya. Haijalishi ni wa nani.

Neno hilo la mwisho nalilipendekeza mimi.

Jumamosi moja nikasoma chini ya mwembe. Watoto wanane kwenye mkeka, mjukuu wangu kati yao. Mbuzi akapotea, wakanyamaza. Zawadi akamtafuta chini ya kitanda, wakacheka. Mbuzi alipoonekana amelala katika bakuli kubwa la kambo, mvulana mmoja akasimama apate kuona vizuri. Nikafika ukurasa wa kumi na tano. Huo naliutunza kwa upendo. Nalikuwa nimeandika maneno mazuri juu ya utii wa watoto na uangalifu wa mali ya nyumba, maneno ya kipimo, yasiyopita silabi zake. Nikayasoma kwa sauti ya darasani. Nilipoinua macho, mwenzangu alikuwa anaandika katika daftari. Akanionyesha baadaye: watoto sita. Wawili walikuwa wanang'oa nyuzi za mkeka.

Nilijitetea. Nikasema walikuwa wamechoka, nikasema jua lilikuwa kali, nikasema mafundisho si mchezo. Wenzangu hawakusema neno. Walifungua tu daftari mahali palipokuwa na mwandiko wangu. Usiku ule nalikaa na zile karatasi mpaka taa ikapungua. Mwisho nikafuta yote. Katika ukurasa wa kumi na tano sasa Zawadi anafunga mlango wa zizi kwa kamba, fundo mbili, na chini yake maneno matatu tu: «Zawadi anafunga kamba.» Tulipojaribu tena Jumamosi iliyofuata, wote wanane walitazama, na msichana mmoja akahesabu mafundo kwa kidole.

Vitabu vinne vilitoka kiwandani mwaka jana, kimoja baada ya kingine. Havikukosa makosa. Katika cha tatu doa la mbuzi limehamia sikio la kulia, na watoto walituonyesha siku ile ile, kwa furaha kubwa. Tumeongeza katika daftari: mtu mmoja, asiye mchoraji, akague masikio.

Bei aliipanga yule mama muuza nyanya. Alikataa hesabu zetu zote. Alisema kitabu kiwe cha bei ambayo mama aliyekuja kununua nyanya anaweza kukiongeza kapuni bila kurudi nyumbani kuuliza. Tulihesabu tena karatasi, wino, pini na kazi ya kijana, tukaona kwamba inawezekana kwa shida, kwa sababu ya zile kurasa 16. Kwa kurasa 20 isingewezekana.

Deni lake halijaisha. Tumerudisha nusu, na kidogo zaidi. Nilipompelekea vitabu vipya nalitaka kumpa kimoja cha bure, akipeleke kwa wajukuu wake. Alikifungua, akapitisha dole gumba katikati penye pini, akakivuta kidogo kuona kama karatasi zitaachia. Hazikuachia. Akasogeza nyanya kando juu ya meza yake, akavipanga vitabu mafungu mafungu, vinne vinne, cha kwanza kikiwa juu.

«Leta na vile vya kabatini, Mwalimu,» akasema. «Nitafungia nyanya.»